Maziwa Aliyoyakataa Bwana Mwakio

Kosa nitakalolieleza hapa halimo katika kanuni za adhabu kazini, na huenda ndiyo sababu linaishi muda mrefu. Ni kiburi cha mtu mwema: yule atoaye msaada kwa mikono miwili, lakini akitaka kusaidiwa yeye, huificha yote miwili nyuma ya mgongo. Wauguzi wavivu hawalipati kosa hili. Huwapata walio bora, na kwa kuwa linafanana sana na fadhila, hakuna anayewaonya.

Nimestaafu mwaka huu, mapema kuliko wengi, kwa sababu magoti yangu yalitangulia kustaafu bila kuniarifu. Wauguzi vijana walioniaga waliniomba niwaandikie niliyoyaona. Vyeo sitavisimulia, kwa kuwa vilichelewa. Mishahara sitaitaja, kwa kuwa mnaijua. Nitaandika zaidi kuhusu mtu mmoja na siku moja, maana kila nilichokifanya baadaye kilitokana na siku hiyo.

Mimi ni mzaliwa wa Kipini. Nilipomaliza chuo, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilipangiwa kituo kidogo cha afya upande wa Garsen. Nilifika nimevaa viatu vyeupe. Msimamizi wa kituo, Bwana Mwakio, Mtaita mrefu mwenye sauti ya chini na shati lililopigwa pasi hata mahali pasipo na umeme, alivitazama viatu kabla ya kunitazama mimi.

"Hivyo ni vya chuoni," alisema. "Udongo wa hapa utavipa rangi yake kabla ya Ijumaa. Karibu, Sista."

Ilipofika Jumatano vilikuwa vyeusi.

Juma la kwanza hakuniruhusu kumgusa mgonjwa. Alinifundisha vyombo. Tulikuwa na jiko la mafuta ya taa la kuchemshia mikasi na koleo, na kila asubuhi nilizisafisha tambi zake hadi mwali ukawa wa buluu, kwa sababu mwali wa manjano, alisema, hupaka vyombo masizi na muuguzi aibu. Glavu hatukuzitupa kama mnavyozitupa ninyi leo. Tulizifua, tukazichemsha, tukazianika kwenye kamba kama soksi za watoto wa shule, tukazipaka poda. Jozi moja ilikuwa ndefu kufika kiwikoni. Hiyo aliiweka peke yake ndani ya kopo la maziwa ya unga, na hakuna aliyeligusa kopo hilo. Niliuliza ni za kazi gani.

"Za kazi ambayo utaomba usiifanye," alijibu. "Ni pale mtoto anapozaliwa na kondo la nyuma likakataa kumfuata. Inabidi mtu aingie akalitoe kwa mkono."

Nilimwona akiifanya kazi hiyo mara mbili. Aliifanya kimya, midomo ikisogea kidogo, na baadaye nikajua alikuwa akisali. Alikuwa mzee wa kanisa. Aliwaombea wagonjwa wote, wa dini yake na wa dini yangu, waziwazi na bila haya. Kuombewa yeye sikuwahi kusikia. Mkewe alipofiwa na mama yake tulitaka kwenda kukaa naye nyumbani. Bwana Mwakio alitushukuru, akatuambia foleni ya wagonjwa ni ndefu.

Mlinde basi heshima yake mnaposoma kuhusu sheria yake, maana aliitunga kwa nia njema. Aliamini kwamba muuguzi akianza kupokea chai kwa mgonjwa, kesho atapokea kuku, na keshokutwa asiye na kuku hatatibiwa. Kwa hiyo tulipokwenda vijijini kuchanja watoto, hatukuonja kitu katika nyumba ya mtu, hata maji. Bwana Mwakio alibeba chupa yake ya chai, ya bati, yenye maua mekundu yaliyokaribia kufutika. Watu walimwita Daktari Chupa. Alilijua jina hilo, na nadhani lilimpendeza.

Sheria hiyo ingefaa mahali pengine. Katika vijiji vya Waorma ilikuwa msiba. Kwa wafugaji hawa, mgeni hukaribishwa kwa maziwa kabla hajaulizwa shida yake, na maziwa hayo si malipo ya kitu chochote. Akiyanywa, amekuwa mtu wao kwa siku hiyo. Akiyakataa, amewaambia kwamba anaona uchafu mahali fulani, na wao hawakosi kujiuliza ni wapi.

Kijiji kimoja ng'ambo ya mto kilikuwa na mama wa makamo, mwembamba, aliyekuwa na amri hata kwa wanaume. Wote walimwita Ayo, yaani mama, nasi tukamwita hivyohivyo. Mara yangu ya kwanza kufika huko alituletea maziwa katika chombo cha kusukwa kilichofukizwa moshi hadi kikanukia. Bwana Mwakio aliinua chupa yake, akaionyesha.

"Ahsante, Ayo. Mimi nina changu."

Ayo alibaki amekishika kile chombo. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunzia sokoni, lakini hakikumpungukia.

"Daktari, hii maziwa haina sumu. Ng'ombe yangu haisomi, lakini ni safi."

Wanawake wakacheka. Akanigeukia mimi.

"Na wewe, binti Kipini? Huyu amefunga mdomo yako pia?"

Nilikuwa mgeni kazini, na sheria ilikuwa sheria. Nikasema nimeshiba. Ayo alimpa maziwa yale mbwa aliyekuwa amelala kivulini, taratibu, ili tuone vizuri. Tulipokwenda tena kuchanja, walikuja mama watatu. Bwana Mwakio alisema ni kwa sababu mifugo imehamia mbali. Mifugo ilikuwa palepale, ikitutazama.

Kisha zikaja mvua za El Nino. Walioziona hawahitaji maelezo, na wasioziona hudhani tunatia chumvi. Mto ulivuka kingo zake, tambarare nzima ikageuka ziwa, barabara ya Malindi ikakatika, na vijiji vikabaki kila kimoja juu ya kimwinuko chake kama vyungu vilivyofunikwa. Malaria ikapanda. Mtumishi wetu mmoja aliugua, kisha wa pili, na Bwana Mwakio akafanya zamu zao zote. Nilipomwomba apumzike aliniuliza nani mwingine aliyebaki. Lilikuwa swali la haki, ila hakungoja jibu.

Asubuhi moja alikuja mwanamume wa Kiorma, kikoi kimelowa hadi kifuani. Alikuwa mtoto wa Ayo. Alisema dada yake, Halima, aliyekuja kwa mama yake kujifungua mtoto wa kwanza, alikuwa amejifungua alfajiri.

"Mtoto mzima," alisema. "Lakini ile ya nyuma imekataa. Na damu inakuja."

"Kidogo au nyingi?" aliuliza Bwana Mwakio.

Yule mwanamume alitazama sakafu. "Ayo amenituma kwako, Daktari. Jua mwenyewe ni ngapi."

Redio ya upepo ilitujibu kwamba hakuna boti wala ndege kwa siku hiyo. Bwana Mwakio alichukua lile kopo, akapakia dripu na sindano, akajaza chupa yake chai. Alipokuwa akifunga mkoba nilimwona akijikuna shingo, kisha mikono, kisha tena shingo.

Tulivushwa na Komora, Mpokomo mvuvi, kwa mtumbwi wake wa mti mmoja. Alisimama nyuma akisukuma kwa upondo juu ya mahali palipokuwa mashamba ya watu. Vichwa vya mahindi viligusa ubavu wa mtumbwi. Komora hakuwa mtu wa kunyamaza.

"Daktari, mbu wa leo wamekupenda wewe peke yako? Mimi hawanitambui."

"Ni mbu tu, Komora."

"Mbu gani anauma ndani ya soksi?"

Kila mtu wa Pwani wakati ule aliijua klorokwini, dawa ya malaria, na mwasho wake. Mtu aliyeimeza hujikuna hata kwenye nyayo, na Bwana Mwakio alikuwa ameshavua kiatu kimoja. Alikuwa amekwisha kuinywa chai yote kabla hatujafika katikati, naye si mtu wa kunywa chai yote.

"Bwana Mwakio," nilisema, "una homa?"

"Nina kazi, Sista."

Komora akaguna. Sauti ile ilikuwa imeufunga mlango.

Nyumba za Waorma ni za nyasi, za mviringo, zimeinama kama mgongo wa mnyama aliyelala. Ndani, Halima alikuwa amelazwa juu ya ngozi, mtoto akiwa mikononi mwa jirani. Midomo ya Halima ilikuwa na rangi ya majivu. Ayo alikuwa amepiga magoti pembeni yake, kanga yake imelowa damu hadi mapajani, na alipotuona hakutuambia karibu. Kwa kawaida mwanamume hakaribii mahali hapo. Ayo ndiye aliyemwita, na kila aliyekuwamo alijua alivyojilazimisha.

Niliutafuta mshipa, nikaweka dripu, tukaifunga kwenye mti wa paa. Nikamdunga sindano ya kukaza mfuko wa uzazi. Tulingoja. Kondo halikutoka, na damu iliendelea. Bwana Mwakio akafungua kopo, akazitoa glavu ndefu. Sahani ya chuma aliyoishika ikaanza kulia, mikasi ikigongana ndani yake, na sauti hiyo haikukoma.

Ayo alinyoosha mkono akamkamata kifundo.

"Wewe iko na homa."

"Ni uchovu wa safari, mama."

"Mimi sikuuliza. Mimi nimeshika." Hakumwachia. "Huu mkono ni moto, na inacheza. Hii haiingii kwa mtoto yangu."

"Ayo, damu inatoka. Mwenzangu hajawahi kuifanya kazi hii. Ni mimi tu."

"Basi sema kweli. Unaweza?"

Alichotakiwa kusema kilikuwa kidogo. Angeweza kukisema asubuhi, nikajiandaa. Angeweza kukisema mtumbwini. Sasa ilimbidi akiseme mbele ya mama wa mgonjwa, ambaye maziwa yake alikuwa ameyakataa, na Halima alikuwa anaisha mbele yetu.

Bwana Mwakio aliiweka sahani chini.

"Siwezi," alisema. Kisha akanitazama. "Sista, utaingia wewe. Nitakuelekeza neno kwa neno."

Nilimwambia Ayo ukweli wangu pia, kwa kuwa ule wa kwanza ulikuwa umefungua njia. Nilisema nimeona tu, sijafanya, na ninaogopa.

"Ogopa," alisema Ayo, akikikalia kisigino chake upya na kukiweka kichwa cha Halima mapajani. "Mimi pia naogopa. Halima naogopa. Na huyu mrefu naogopa kuliko sisi yote. Tumekuwa wanne. Fanya."

Glavu zilikuwa za mkono wa Bwana Mwakio; zilinipwaya. Nilizifunga kwa kipande cha bendeji juu ya kiwiko. Yeye alijilaza upande wa pili wa pazia lililogawa nyumba, uso akiugeuzia ukuta wa nyasi, ili Halima asitazamwe zaidi ya ilivyolazimu. Meno yake yaligongana, lakini maneno yalikuja yamenyooka.

"Mkono wa kushoto juu ya tumbo, ushike mfuko wa uzazi usikimbie. Wa kulia ufuate kamba ya kitovu. Usivute. Umefika?"

"Bado."

"Usiharakishe. Halima, mama, pumua kwa mdomo. Sista, tafuta ukingo."

Nilisema bismillahi, na kutoka nyuma ya pazia akaitika amina. Hatukuwa na nafasi ya kuulizana kama hiyo ndiyo desturi.

"Nimeupata ukingo."

"Sasa tenganisha kwa ubavu wa vidole, kidogo kidogo, upande kwa upande. Umewahi kufungua kurasa za kitabu kilicholowa maji?"

"Ndiyo."

"Hivyohivyo. Ukiharakisha, utauchana ukurasa."

Ayo alikuwa akiomba dua kwa sauti ndogo, jina moja la Mungu juu ya jingine, na mara nikasikia jina la Halima, kisha langu, kisha la "huyu mrefu". Sikuwahi kumsikia mtu akimwombea Bwana Mwakio mbele yake. Nyuma ya pazia hakukuwa na pingamizi.

Kondo lilitoka zima. Nililigeuza kwenye sahani, nikalikagua kama alivyonifundisha, nikamwambia halikukosa kipande. Akaniambia nisugue tumbo, nisiache, hata mkono ukifa ganzi. Niliusugua. Damu ikapungua, ikawa matone, na mfuko wa uzazi ukawa mgumu kama chungwa chini ya kiganja changu. Halima alifumbua macho akauliza kama mtoto amenyonya. Ayo alimjibu kwa Kiorma jambo lililowafanya wanawake wote wacheke na kulia kwa pamoja. Sikuomba tafsiri.

Ndipo Ayo alipovuta pazia. Bwana Mwakio alikuwa amejikunja, anatetemeka, chupa yake tupu imelala kando. Ayo aliiokota, akaigeuza juu chini. Halikutoka hata tone.

"Imeisha?"

"Imeisha, Ayo."

Akaleta maziwa katika chombo kilekile. Akakaa chini, akamwinua kichwa kama alivyokuwa amekiinua cha binti yake, akamtegea mdomoni.

"Mwaka mzima unakataa. Mimi nasema, huyu mtu natudharau ama natuogopa?"

"Sikuwadharau. Sikutaka kuwa mzigo kwa watu."

"Wewe unatubeba sisi. Sisi tubebe nani? Ng'ombe?"

Bwana Mwakio alicheka. Kicheko kilimtikisa, maziwa yakamwagikia shati lile lililopigwa pasi, na akanywa yaliyobaki hadi mwisho.

Hakuweza kurudi siku ile. Nilimdunga sindano, nikawaachia dawa, nikarudi na Komora kukishika kituo.

"Tumepeleka daktari," alisema Komora njiani, "tumerudisha mkoba."

Bwana Mwakio alilala katika kijiji kile hadi homa ilipokwisha, akihudumiwa na Ayo, na katika kibanda cha pili Halima akipata nguvu taratibu. Ayo aliwagawia maziwa ya ng'ombe mmoja. Bwana Mwakio aliporudi kituoni alikuwa amekonda, na alikuwa mtulivu kwa namna ambayo sikuwa nimeiona kwake.

Hakuibomoa sheria yake, aliirekebisha. Kuku, fedha na zawadi ziliendelea kukataliwa, na kwa hilo alikuwa sahihi hadi mwisho. Lakini kilichokaribishwa kwa mgeni alikipokea kama mgeni. Tulipokwenda kuchanja tena Ayo alisimama mwanzo wa kijiji na chombo chake, na nyuma yake walisimama akina mama, wengi hata tukaishiwa chanjo.

Jambo la pili alilolianzisha ndilo ninalotaka mlichukue. Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango kwa wagonjwa, alituuliza: "Nani leo hawezi nini?" Tulijibu mmoja mmoja. Mtu alisema ana homa, mwingine kwamba hakulala kwa sababu ya mtoto, mwingine kwamba amefiwa na asipewe wodi ya wazee leo. Mfamasia wetu alisema siku moja kwamba hawezi kumsikiliza Komora kabla ya saa nne, nalo likakubaliwa. Bwana Mwakio alijibu wa kwanza, kila siku. Nimelipeleka swali hilo katika kila kituo nilichofanyia kazi, na katika vituo vyote watu walilicheka juma la kwanza.

Sasa msinielewe vibaya, kama semina za siku hizi zinavyoweza kuwafundisha. Sisemi muuguzi amwagie mgonjwa huzuni zake. Mgonjwa ana zake. Kuna watu nimefanya nao kazi walioupenda udhaifu wao kama wengine wanavyopenda sare zao, wakauvaa kila siku, na kazi ikafanywa na wenzao. Bwana Mwakio alisema "siwezi", kisha akajilaza na homa yake akaniongoza mkono hatua kwa hatua hadi Halima akapona. Maneno yote mawili yalitoka kwa mtu mmoja katika saa moja. Ukimwondolea moja, Halima anakufa. Sijui namna nyingine ya kueleza nguvu ni nini.

Wala imani haikumpungukia kwa kuombewa na mtu wa dini nyingine. Mimi naona ilipanuka. Mtu anayeomba kwa ajili ya wote na kukataa kuombewa amejiweka mahali pasipokuwa pake, na sala zake zote, hata zikiwa ndefu, zina kasoro hiyo ndani.

Miaka kadhaa baadaye alistaafu, nasi tukamwandalia chakula uani pa kituo. Alikuja na ile chupa ya maua mekundu, na safari hii ilikuwa imejaa maziwa. Alikuwa amepitia ng'ambo ya mto. Wakubwa walisema mengi kuhusu ujasiri wake wakati wa mafuriko. Mwishowe mmoja wao alimwomba awatajie vijana mwalimu aliyemfunza kazi hii vizuri hivyo, na sote tukadhani angetaja chuo, au daktari fulani Mzungu aliyewahi kumsifu.

Bwana Mwakio alimimina maziwa kwenye vikombe, akavipitisha mkono kwa mkono, akangoja hadi kila mtu awe na chake. Alisema wengi walimfundisha kutoa, na mtu mmoja alimfundisha kupokea. Kisha akalitaja jina ambalo sisi wote, kwa kumwita Ayo tu, tulikuwa hatujalisikia, na ambalo mimi nililirudia nilipoagwa mwaka huu, nilipoulizwa swali lilelile: Dhahabo.